Watoto Wanaolala Mikononi mwa Hawah

"Mutoto iko lala," daktari akasema kutoka kwenye kiti cha pembeni.

"Kwangu wote nalala," Hawah akajibu bila kugeuka, kwa raha ya mpishi aliyeombwa sahani ya pili.

Na raha hiyo alikuwa ameifanyia kazi. Mtoto mwenyewe, mvulana wa kutoka Aroi, alikuwa ameingia akipiga mateke kila kilichokuwa mbele yake, pamoja na mama yake. Hawah alifanya yale anayofanya siku zote. Aliibana chupa ya jeli kwapani mpaka ikapata joto, ili ubaridi wake usimshtue mtoto. Akamlaza, akamfunika miguu kwa kitenge chake mwenyewe, akampitishia kidole gumba juu ya nyusi, kwenda na kurudi, taratibu, na akaanza ule wimbo wake wa kufumba mdomo, usio na maneno. Hata kalamu ya mashine haijakaa sawasawa kwenye panja, mvulana alikuwa amekwisha kwenda zake, mdomo wazi, udenda ukimtiririka. Ndipo mashine ikaanza: shuu, shuu, shuu, kama mtu anayefagia ua. Hiyo ndiyo damu ikipita kichwani.

Wote waliokuja kwenye kliniki hiyo ya Arua walikuwa watoto wa selimundu, ugonjwa wa damu ambao huku West Nile, Uganda, kila ukoo unaujua, hata ule unaoukana. Damu ya mtoto huyo hukwama njiani, na mara nyingine huibana mishipa ya ubongo kidogo kidogo bila mtu kujua. Mshipa ukibanwa, damu hupita mbio, kama maji ya mpira ukiuziba mdomo kwa kidole. Kwa hiyo mashine hupima mbio. Namba ikivuka mstari mwekundu, kiharusi kiko njiani, na mtoto huyo itabidi atiwe damu mwezi hata mwezi, asiache. Ndiyo maana watu wawili walimpima kila mtoto. Hawah alipima katika chumba cha kushoto, mwenzake Aliga katika chumba cha kulia, na ilikuwa marufuku kuambiana. Namba zikikaribiana, zinaaminiwa.

Sasa, za hawa wawili hazikukaribiana hata siku moja. Za Hawah zilikuwa juu, za Aliga zilikuwa chini, na kliniki nzima ilijua ni nani anayekosea. Chumba cha Aliga kilitoa mayowe asubuhi mpaka jioni. Wasafishaji walimwita mchinjaji. Mtoto anayelia hapimiki, kila mtu alisema hivyo, basi namba za Aliga ziliwekwa kando na za Hawah zikafuatwa.

Daktari huyu, Peace Ocokoru, alikuwa ametumwa kutoka Kampala kuja kutazama kwa nini. Alikuwa Mlugbara wa hapahapa, msichana wa Adumi, na Kiswahili chake alikirithi kwa baba yake aliyekuwa askari. Asubuhi yote alikuwa amekaa akitazama tu. Sasa alisimama, akaja karibu na kitanda.

"Mama," akamwambia mzazi, "amsha yeye."

Mama na Hawah wakatazamana. Mtoto aliyelala anaamshwaje, na hapo nyumba haiungui moto? Lakini daktari ni daktari. Mama akamtikisa mwanawe, akamwita, akampuliza usoni. Mvulana akafumbua macho, akaduwaa, hakulia. Hawah hakuwa ameondoa kalamu. Alisikia mlio ukibadilika kabla hajaiona namba. Yule mfagiaji wa ua akapunguza haraka, kana kwamba ameambiwa hakuna mgeni anayekuja. Namba ikashuka, ikakaa chini ya mstari mwekundu, ikatulia.

"Umeona?" Peace akauliza.

Hawah aliona. Mkono wake ulikuwa haujasogea hata kidogo.

Walitoka nje kwenye baraza, na daktari akamweleza polepole, kwa upole, na ule upole ndio uliomuuma zaidi. Mtoto akilala anapumua kidogo. Hewa chafu inabaki ndani ya damu, ubongo unadhani unakabwa, unaita damu zaidi, damu inakuja mbio. Mashine inaona mbio, haijui usingizi. Mtoto akilia mambo yanageuka, anapumua sana, damu inapungua kasi, na mshipa mbovu unaweza kujificha. Anayetakiwa ni mtoto aliye macho, ametulia.

"Wewe unawalaza, Aliga anawaliza," Peace akasema. "Nyinyi wote wawili mnanidanganya." Akacheka kidogo ili kupunguza uzito wa jambo.

"Rejoice," Hawah akasema.

"Nani?"

"Yule mutoto wa Koboko. Ya kuanza damu Jumatatu."

Peace akaacha kucheka. "Yeye pia alilala?"

"Yeye ndiyo nalala kuliko wote."

"Basi kesho tunaanza na yeye," daktari akasema. "Wewe na Aliga. Macho wazi."

Hawah akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani, akakuta mikono yake haijui ifanye nini.

Tuseme ukweli, mikono hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo. Alikuwa Mnubi wa Oli, pale mjini Arua, katika nyumba ambayo baba yake aliijenga akitarajia watu wengi. Watu wenyewe wakaondoka mmoja mmoja. Dada zake waliolewa Bombo, wakazaa huko, wakazeekea huko. Mama yake alikufa. Mumewe alikwenda Juba kuuza mafuta ya kupikia. Hakufa, hakutoa talaka, alinyamaza tu. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, kisha siku za Idi, kisha basi. Mtoto hawakujaliwa. Hawah aliendelea kupika kwa sufuria kubwa ya mama yake na kumwaga kinachobaki, kwa sababu kununua sufuria ndogo kungekuwa kukubali. Redio aliiacha ikiongea hata alipokuwa nje, ili akirudi akute sauti.

Lakini kliniki, ah, kliniki alikuwa mtu. Watoto wa watu walilala mikononi mwake, mmoja baada ya mwingine, wenye homa na wenye hasira, wa Walugbara na wa Wakakwa, na wa wakimbizi waliovuka mpaka wakibebwa. Wimbo ule aliupata kwa bibi yake, ambaye alisahau maneno yake kabla Hawah hajazaliwa. Akina mama walimnong'onea, "Sista, wewe iko na dawa kwa mikono." Alikuwa akikana kwa mdomo tu. Moyoni aliamini, na usiniulize kama kulikuwa na kitu kingine chochote alichokiamini kuhusu yeye mwenyewe.

Ndivyo alivyompata Rejoice. Alikuja na nyanya yake, mama Tongun, mjane kutoka kijiji cha Abuku kule Koboko, mwanamke mkavu, mrefu, mwenye viganja vigumu vya jembe. Tongun mwenyewe, baba wa mtoto, alikuwa amevuka mpaka kwenda Yei kutafuta kazi, na mama wa mtoto ameolewa kwingine. Msichana alikuwa meno mawili ya mbele hana, maneno mengi anayo. Aliwekwa kitandani, akaulizia mashine inakula nini, na kabla hajajibiwa alikuwa amelala. Namba ikavuka mstari. Walimrudisha tena baadaye, akalala tena, ikavuka tena.

Wakaambiwa wakae mjini. Damu ya kundi lake ilikuwa ya shida, na ikipatikana asubuhi, mtoto awepo asubuhi hiyohiyo, si aanze kutafutwa Koboko. Mama Tongun akakaa barazani na mfuko wake wa plastiki, akiutazama mji wa Arua bila kujua mlango hata mmoja. Hawah alimpita akienda nyumbani. Akampita kabisa, akafika barabarani, akarudi.

"Mimi iko na vyumba," akasema.

Tangu siku hiyo nyumba ya Oli ikaanza kupumua. Asubuhi kulikuwa na mtu anayefagia kabla ya jua. Sufuria kubwa ilipikwa ikaisha, na ukoko ukagombewa. Mama Tongun alipanda mboga nyuma ya choo bila kuomba ruhusa, akamgombeza Hawah kwa kuacha ua mzuri kama ule ukae bure. Jioni, Hawah akisukuma lango, sauti ndogo ilikuwa ikilia kutoka jikoni: "Umerudi?" Hebu fikiria mtu amekaa miaka bila kuulizwa neno hilo. Siku ya kwanza alisimama pale langoni, mkoba mkononi. Alikuwa amerudi, ndiyo. Alikuwa akirudi siku zote, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo.

Jioni ile, baada ya daktari, alisukuma lango polepole.

"Umerudi?"

"Nimerudi."

Mama Tongun alikuwa anatwanga muhogo mkavu kwenye kinu cha marehemu mama yake Hawah. Hewa ilikuwa nzito, ya ule mwisho wa kiangazi ambapo mawingu yanajikusanya upande wa Kongo kisha yanaahirisha. Rejoice alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimwelekeza nyanya yake namna ya kutwanga.

"Sista, keti," mama Tongun akasema. "Mutu natoka Koboko leo na maneno. Shemeji yangu nasema, mvua ikianguka na mimi hapana rudi, yeye nalima shamba yangu."

"Nalima kwa kukusaidia?"

Mama Tongun akacheka kwa pua. "Huyu? Akiingiza jembe, hapana toa tena. Mimi najua yeye tangu kijana."

"Utafanya nini?"

"Mimi nasema yeye achukue." Mchi ukapanda, ukashuka. "Shamba iko udongo. Mutoto iko mutu. Wewe nasema damu Jumatatu, basi damu Jumatatu. Mimi iko hapa mpaka mimi nazeeka kwa nyumba yako, utanichoka wewe."

Akasema hivyo kwa utani. Hawah akaliona jambo lote kwa mara moja, wazi kabisa. Kesho namba ikishuka, hawa watapakia mfuko wao wa plastiki. Mvua haijaanguka, shamba bado ni lao, watawahi. Namba ikibaki juu, mtoto yuko hatarini kweli, na watakaa, miaka, mwezi baada ya mwezi, na langoni kutakuwa na sauti.

Akajikuta anaomba ibaki juu.

Loo, Hawah! Alishtuka kana kwamba amejikuta na mkono ndani ya mfuko wa mtu. Alimtazama Rejoice, shingo ile nyembamba, macho yale yenye umanjano wa ugonjwa, na alikuwa amemwombea kiharusi ili apate wa kumuuliza kama amerudi. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Na aibu ilipokwisha kupanda, lile ombi bado lilikuwa palepale, halikuondoka.

"Kesho wanataka kupima tena," akasema.

Mchi ukasimama hewani. "Iko nini? Iko mbaya zaidi?"

"Hapana. Wanataka kuhakikisha tu."

Hakusema zaidi. Angeweza, ulimi ulikuwa tayari, lakini hakusema. Alipomlaza mtoto alimpitishia kidole juu ya nyusi kama kawaida, na Rejoice akalala kama kawaida, na Hawah akabaki kando ya kitanda akiutazama usingizi huo kama mtu anayetazama chakula alichoambiwa kinamdhuru.

Asubuhi walikwenda kliniki kwa miguu, mtoto katikati. Aliga alikuwa amekwisha fika, anakunywa chai barazani, bonge la mwanamume mwenye haya, anayeongea akitazama viatu vyake. Mama Tongun na mtoto walipokwenda kunawa, alimsogelea Hawah.

"Daktari amesema niruhusu mama zao waingie ndani," akasema. "Mimi nilikuwa nawatoa nje, nilidhani kelele zitapungua."

"Hata mimi sikujua kosa langu."

"Mwaka mzima wananiita mchinjaji, Hawah."

"Najua."

"Wewe pia ulicheka."

Alikuwa amecheka, tena kwa sauti. Alimtazama mtu huyu aliyefanya kazi ng'ambo ya ukuta wake, ambaye hakuwahi kumuuliza hata anaishi wapi, na akaona kwamba na yeye hunywa chai peke yake kila asubuhi. "Nilicheka," akasema. "Nisamehe." Aliga akavitazama viatu vyake, akaitikia kwa kichwa kwamba yameisha, akaingia chumbani kwake.

Rejoice alianza kwa Aliga. Hawah alikaa chumbani mwake akisubiri mayowe yatoke upande ule. Hayakutoka. Alisikia sauti ya mama Tongun ikisema kitu kwa Kikakwa, akasikia mtoto akicheka, kisha kimya, kisha shuu, shuu kupitia ukutani, bila kuweza kutambua ni ya haraka au ya polepole. Baadaye mlango ukafunguliwa. Aliga alimpa Peace karatasi yake iliyokunjwa pale kwenye korido, na Peace akaitia mfukoni bila kuikunjua.

"Sasa wewe," akamwambia Hawah. "Mimi siingii. Nataka ufanye mwenyewe."

Kwa hiyo walikuwa watatu tu ndani. Mama Tongun alikaa miguuni pa kitanda akiwa amekishika kisigino cha mjukuu wake. Rejoice akajilaza mwenyewe, mwenyeji wa mahali, akavuta kitenge cha Hawah mpaka kidevuni, akafumba macho.

"Wimbo," akasema.

"Leo hakuna wimbo."

Jicho moja likafumbuka. "Kwa nini?"

"Leo nataka uwe macho. Hapana lala, hapana ongea. Niangalie mimi tu."

"Niangalie nini?"

"Uso yangu."

Akampaka jeli, akaiweka kalamu, akaitafuta ile sehemu nyembamba ya mfupa ambapo sauti hupenya. Akaipata. Rejoice alimtazama kwa bidii, macho yamemtoka, akijitahidi asicheke. Hawah alikuwa amewapima watoto wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, na hapo ndipo alipogundua kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama. Wote walikuwa wamefumba macho. Hakujua ayapeleke wapi yake. Akayapeleka kwenye kioo cha mashine.

Namba ilikuwa chini.

Ilikuwa chini ya mstari, mbali nao, imetulia. Kifua chake kikafanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kikafunguka kwa ajili ya mtoto na kikafungika kwa ajili yake mwenyewe. Lakini bado hakuwa amebonyeza kitufe cha kuihifadhi. Namba si namba mpaka ibonyezwe. Alikuwa akiisogeza kalamu kidogo ili apate mlio safi zaidi, akingoja, akijiambia kwamba anangoja mlio.

Na chumba kilikuwa na joto. Mtoto alikuwa amezoea. Kitanda hiki, kitenge hiki, harufu ya mkono huu, kwa Rejoice vilikuwa ndio usingizi wenyewe, wimbo au hakuna wimbo. Kope zikaanza kulegea. Zikashuka, zikapanda, zikashuka tena. Kwenye kioo namba ikaanza kupanda nazo. Hawah aliisikia kabla hajaiona, yule mfagiaji akiongeza mwendo. Ikapanda. Ikaukaribia mstari mwekundu, ikaugusa.

Hakuna aliyeona. Daktari yuko koridoni. Mama Tongun anamtazama mtoto, hasomi namba. Hata kidole gumba kisingehitajika kupita juu ya nyusi, mtoto angelala mwenyewe, na ni nani angesema Hawah amefanya kitu? Hakufanya kitu. Angebonyeza tu, na karatasi ya Aliga ingekuwa chini kama zilivyokuwa siku zote karatasi za Aliga, na daktari angekuna kichwa, na kusema basi tusimhatarishe mtoto, tuanze damu Jumatatu, tutapima tena mbele. Mvua ingeanguka Abuku. Shemeji angeingiza jembe. Na jioni Hawah angesukuma lango.

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Namba ikavuka mstari, ikakaa huko.

Alikitazama kisigino kile mkononi mwa mama Tongun. Bibi alikuwa akikisugua kwa kiganja chake kigumu, taratibu, bila kujua kama anasugua, na alikuwa amefumba midomo kwa nguvu zote kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Mwanamke huyu alikuwa ametoa shamba lake kwa sababu ya namba ya Hawah. Hakuuliza mara mbili.

"Rejoice," Hawah akasema. Akainua mkono mwingine, akamvuta sikio. "Rejoice! Niangalie."

"Mmh."

"Fungua macho, mama. Niangalie mimi."

Macho yakafumbuka. Yakaelea, yakamtafuta, yakampata. Safari hii Hawah hakukimbilia kwenye kioo. Alimtazama mtoto naye akamtazama, uso kwa uso, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya uji wa asubuhi, na mlio ukapunguza mwendo taratibu, ukapunguza tena, mpaka ukawa wa mtu anayefagia ua wake mwenyewe bila haraka yoyote. Akabonyeza. Akahamia panja la upande wa pili, akamtazama vilevile, akabonyeza.

Aliandika namba, akaikunja karatasi, akaipitisha mlangoni. Alisikia karatasi mbili zikikunjuliwa. Alisikia Peace akivuta pumzi, na Aliga akiuliza kitu kwa Kilugbara, na wote wawili wakacheka kwa mshangao. Kisha daktari akaingia akiwa amezishika karatasi pamoja.

"Zimekaribiana," akasema. "Mara ya kwanza tangu mmeanza! Mama, sikia. Mishipa ya mutoto iko sawa. Damu hapana. Atakunywa vidonge vyake nyumbani, na mutakuja tena mwaka kesho kupima."

Mama Tongun hakupiga vigelegele, wala hakupiga magoti. Alikiachia kile kisigino, akaiweka mikono yake juu ya kichwa chake, akabaki hivyo.

"Nyumbani?" akauliza. "Koboko?"

"Koboko."

"Basi kesho asubuhi," mama Tongun akasema, na tayari alikuwa amesimama, tayari miguu yake ilikuwa kwenye udongo wa Abuku. "Mvua hapana ngoja mutu. Sista, umesikia? Kesho asubuhi! Yule shemeji atanikuta ndani ya shamba na jembe yangu." Akacheka, akajipangusa macho kwa upindo wa gauni, akacheka tena. Halafu akatulia, akawatazama wote wawili. "Lakini nauliza. Ile mara ya kwanza mashine nasema mbaya. Mara ya pili nasema mbaya. Leo nasema nzuri. Iko nini?"

Peace alifungua mdomo. Hawah akamtangulia.

"Mashine hapana kosea. Iko mimi," akasema. "Mutoto akilala, damu nakimbia kwa kichwa, namba napanda. Mimi nilimlaza. Mara zote mbili mimi nilimlaza. Kosa iko yangu, mama Tongun."

Mama Tongun alilifikiria neno hilo. Hakukasirika. Alikunja uso kama mtu aliyepewa fedha ya nchi asiyoijua.

"Kulaza mutoto," akasema, "iko kosa?"

Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua. Nje, kwenye benchi, mtoto mwingine alikuwa ameanza kulia, na mama yake alikuwa akimwambia anyamaze, zamu yake imefika.

Hawah akachukua kitambaa, akamwinamia Rejoice, akampangusa panja, kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Msichana alimtazama, macho wazi.

"Imetoka," Rejoice akasema.

"Bado kidogo," Hawah akasema, na akaendelea kupangusa.